Kaulizwa Huyu, Kajibu Yule: Jioni ya Quincy 1996

Vuta picha grupu la WhatsApp lenye watu watatu. Mmoja anauliza swali la kufa na kupona, aliyeulizwa yuko kimya, halafu anajibu yule wa tatu ambaye hata hakuulizwa. Muulizaji anasema poa, asante, anaendelea na safari. Ndicho kilichotokea kwenye redio za ndege Novemba 19, 1996, katika kiwanja kidogo cha Quincy, jimbo la Illinois, Marekani. Watu 14 wakafa.

Kwanza kitu kimoja kieleweke. Wengi wanadhani kila kiwanja cha ndege kina mnara, na ndani yake kuna jamaa anawapanga marubani. Hapana aisee. Marekani ina viwanja vya umma kama 5,000, na vyenye mnara ni kama 500 tu. Kwingine kote marubani wanajipanga wenyewe: wote wanaongea kwenye masafa mamoja ya redio, kila anayekuja au kuondoka anatangaza yuko wapi na anataka nini, na macho yanamalizia kazi. Siku nyingi mambo yanaenda fresh. Siku nyingine ndege zinakoswakoswa kugongana, watu wanashusha pumzi, na stori inaishia hapohapo.

Quincy hapakuwa na mnara. Ni saa 11 jioni, giza linaanza kuingia, na ndege ya abiria aina ya Beechcraft 1900 inakuja kutua ikiwa na abiria 10 na marubani 2. Chini kuna ndege mbili ndogo zinazotaka kuondoka kwa njia nyingine, ambayo inakatana na ile ya kutulia kama njia panda. Ya mbele ni King Air yenye watu 2. Nyuma yake ipo Cherokee, na rubani wake hakuwa na masaa mengi angani.

Wale wa Beechcraft hawakukaa kimya. Walitangaza wanakuja, wakatangaza tena. Walikuwa wameshasikia sauti ya mwanamke kutoka King Air ikisema wanaingia kwenye njia. King Air ikaingia kweli, ikasimama pale kama dakika nzima. Ndipo Beechcraft wakauliza: nyie mlioko kwenye njia mnasubiri au mnaondoka?

King Air kimya.

Akajibu rubani wa Cherokee, kwamba anasubiri kuondoka, na katika maelezo yake akaitaja King Air iliyoko mbele yake. Katikati ya jibu, mashine ndani ya Beechcraft ikapaza sauti kutaja kimo, futi 200, ikafunika maneno. Walichobaki nacho marubani ni "King Air" na "anasubiri". Wakashukuru, wakasema watapita pale njia panda muda si mrefu. Na jibu lilikuwa la sauti ya mwanaume! Lakini nani anapata muda wa kulinganisha sauti akiwa futi 200? Hakuna aliyesahihisha.

Beechcraft ikatua. King Air nayo, bila kutangaza, ikaanza kukimbia ipae. Walipoonana walikanyaga breki, lakini umbali ulikuwa umeisha. Zikagongana palepale kwenye makutano.

Kinachouma zaidi ni kwamba kishindo chenyewe hakikutosha kuua watu wa Beechcraft. Waliokuwa kiwanjani, wakiwemo marubani, walikimbilia pale na kumkuta rubani mkuu ametoa kichwa na mkono dirishani, akiwaomba wafungue mlango. Mlango ulikuwa umekwama. Walivuta, haukufunguka, moto na moshi vikawahi. Zimamoto kiwanjani? Hakuna, na sheria ya wakati ule haikukilazimisha kiwanja kuwa nao kama ndege za ratiba zinazotua hapo ni za viti 30 kushuka chini.

Wachunguzi wa NTSB waliwabebesha lawama kubwa marubani wa King Air: hawakusikiliza redio sawasawa, hawakuangalia. Jibu la Cherokee likatajwa kama lililochangia. Sheria ya viwanja vinavyohudumia ndege ndogo za abiria ilikuja kubadilishwa 2004, miaka 8 baadaye.

Na mnara nao si kinga kamili. Wilson, pale Nairobi, upo. Machi 5, 2024 ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliyokuwa inaelekea Diani iligongana angani na Cessna 172 ya mafunzo, juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Ile kubwa ikarudi Wilson na watu wake wote 44 wakiwa hai. Ile ndogo ikaanguka mbugani na mkufunzi na mwanafunzi wake.