Pool: Je, zamu ya kuvunja humpendelea nani?

Katika mchezo wa pool, malalamiko huanza kabla ya mpira wowote kuingia shimoni. Swali ni moja tu: nani avunje, yaani nani apige pigo la kwanza la kutawanya mipira?

Uzito wa swali hilo huonekana zaidi katika mtindo wa mipira 9, unaotumiwa katika mashindano mengi makubwa ya kulipwa. Mipira hupangwa kwa umbo la almasi, nambari 1 ikiwa mbele na nambari 9 katikati. Mchezaji sharti agonge kwanza mpira wenye nambari ndogo zaidi uliosalia mezani, na atakayeitumbukiza nambari 9 kihalali hushinda raundi hata kama mipira mingine ingalipo. Anayevunja na kutumbukiza mpira huendelea kucheza, na akiwa hodari aweza kuimaliza meza huku mpinzani wake akiwa ameketi kitini.

Haki ya kuvunja mara ya kwanza hupatikana kwa ustadi. Kila mchezaji hupiga mpira hadi ukingo wa mbali ili urudi, na yule ambaye mpira wake utakaribia zaidi ukingo wa alikosimama ndiye mwenye kuchagua. Ugomvi uko katika raundi zinazofuata. Baadhi ya mashindano humruhusu mshindi wa raundi avunje tena. Mengine huwataka wachezaji wavunje kwa zamu.

Wanaopinga utaratibu wa mshindi humtaja Earl Strickland wa Marekani, ambaye mwaka wa 1996 mjini Dallas alishinda raundi 11 mfululizo tangu kuvunja hadi mpira wa mwisho. Mpinzani, wanasema, hunyimwa hata nafasi ya kukosea.

Hoja hiyo ina mvuto, lakini hesabu inaikanusha. Chukua wachezaji wawili wenye uwezo sawa, ambapo anayevunja hushinda raundi mara 60 kati ya 100, na mechi ni ya atakayetangulia kushinda raundi 2. Mshindi akivunja, aliyeanza atashinda mechi kwa asilimia 55.2. Wakivunja kwa zamu, atashinda kwa asilimia 55.2 vilevile. Wanahisabati walithibitisha katika miaka ya 1970 kwamba usawa huo haubadiliki hata mechi ikirefushwa, mradi tu uwezo wa kila mmoja katika raundi anazovunja ubaki ule ule tangu mwanzo hadi mwisho.

Kinachobadilika ni matokeo yanayosomwa ubaoni. Katika mfano huo, mechi itamalizika kwa 2-0 mara 60 kati ya 100 mshindi akivunja, lakini mara 48 tu wakivunja kwa zamu. Aliyeshindwa 2-0 huondoka akiamini kwamba ameonewa na kanuni. Watazamaji nao hupenda ushindani wa karibu, na hiyo yaweza kuwa sababu nzuri ya kuchagua zamu, ingawa si sababu ya haki.

Bila shaka binadamu si mashine. Aliyekaa kitini kwa nusu saa mkono wake hupoa, na aliyeshinda raundi tatu mfululizo hujiamini kupita kiasi. Mambo hayo hesabu haiyapimi.

Udhalimu wa kweli hujificha katika kuvunja kwenyewe. Mwaka wa 2001, katika fainali ya US Open, Corey Deuel wa Marekani alimchapa Mika Immonen wa Finland, bingwa wa dunia wa mwaka huo, kwa raundi 11-0. Badala ya kuvunja kwa nguvu kama ilivyokuwa desturi, Deuel alipiga taratibu. Mipira ikipangwa ikiwa imegusana barabara, mpira wa pembeni huelekea shimo la kona karibu kila mara. Pigo lililodhaniwa kuwa la bahati likawa kazi ya fundi.

Wasimamizi walijibu kwa kanuni mpya. Baadhi ya mashindano huiweka nambari 9, si nambari 1, juu ya alama ya meza, hatua inayouondoa mpira wa pembeni katika njia yake rahisi ya kwenda konani. Mengine humbana mvunjaji katika eneo dogo la katikati, au hutaka angalau mipira mitatu itumbukie au ivuke mstari wa upande wake, ili asivunje kwa upole mno.

Bahati tupu nayo ipo. Kwa kanuni za kawaida, nambari 9 ikiingia wakati wa kuvunja, raundi imekwisha. Kuna ahueni moja: mpira mweupe ukifichwa nyuma ya mingine baada ya kuvunja, mchezaji anayefuata anaweza kuusukuma popote bila adhabu, kisha mpinzani achague kucheza au kumrudishia zamu.

Lililobaki ni urefu wa mechi. Katika mfano ule ule wa asilimia 60, raundi moja pekee humpa mvunjaji faida ya pointi 10 juu ya nusu. Mechi ya kutangulia kushinda raundi 2 huipunguza hadi 5.2, na kila raundi inayoongezwa huzidi kuila faida hiyo. Waandaaji wanaofupisha mechi ili zitoshee ratiba ya televisheni ndio wanaoongeza bahati mezani, hata wakichagua zamu.