Kutafuta Mtangata

Mwaka 1854 mmisionari mmoja wa Kijerumani, Jakob Erhardt, alikaa Tanga kwa miezi kadhaa. Alikuwa mwenzao Krapf na Rebmann wa Rabai, na pale Tanga kazi yake kubwa ilikuwa kujifunza lugha na kuuliza maswali. Aliwauliza watu wa misafara, wale waliokwenda bara kutafuta pembe: mkitoka hapa mnapita wapi, na njia inaishia wapi? Kila aliyeulizwa alisema njia yake inaishia kwenye maji makubwa. Njia ya Kilwa, maji. Njia ya Mrima, ng'ambo ya Unguja, maji. Njia ya Tanga na Pangani, maji vilevile. Erhardt akayachukua maji yote hayo akayaunga kuwa ziwa moja refu lililopinda, na ramani hiyo ilipochapishwa Ulaya watu waliicheka kwamba ziwa lake limefanana na konokono asiye na gamba. Walicheka, lakini ramani hiyohiyo ndiyo iliyochochea safari ya Burton na Speke, na mwaka 1857 wote wawili walikuwa Tanga na Pangani wakipasha miguu moto kabla ya kwenda bara.

Leo tunajua kwamba maji yale ni maziwa matatu: Nyasa, Tanganyika na Victoria. Wasemaji hawakudanganya. Kila mmoja alisema kweli kuhusu njia yake. Aliyeunga ni mwenye kalamu.

Nimekianza kisa hiki makusudi. Siku hizi watu wengi, hasa walio mbali na nyumbani, wanatafuta walikokaa mababu zao kwa kutumia ramani za zamani. Maktaba za Ulaya na Marekani zimezipiga skani na kuziweka mtandaoni, unazikuza kwa vidole viwili kwenye simu kama picha ya harusi. Ni jambo zuri na mimi mwenyewe nimepotezea usiku mwingi humo. Ila ramani ya zamani ya pwani ya Tanga usiisome kama hati ya kiwanja. Isome kama majibu ya mtu aliyeulizwa njiani na mgeni, kisha jiulize nani aliulizwa, kwa lugha gani, na nani hakuulizwa kabisa.

Chukua Mtangata. Bibi yangu mzaa baba, akiulizwa kwao, alisema "sisi watu wa Mtangata", basi, kwake jibu limekwisha. Leo ukitaka kufika huko unasema Tongoni, kilomita 17 hivi kusini ya Tanga kwa njia ya Pangani, kwenye magofu ya msikiti na makaburi yapatayo 40, mengine yakiwa na zile nguzo za mawe. Lakini Tongoni si jina hasa la mji. Tongo ni mahame, mahali palipohamwa. Anayesema Tongoni anasema "kule kwenye mahame", yaani jina limekuja baada ya wenyewe kuondoka. Jina la walio hai lilikuwa Mtangata, na liliandikwa mapema mno. Mreno Vasco da Gama alipopita hapo Aprili 1498 jahazi lake moja, São Rafael, lilikwama kwenye mafungu ya mbele ya mji. Liliponasuka likaendelea na safari ya Bara Hindi, na Januari 1499, wakati wa kurudi, Wareno walilichoma moto hapohapo kwa sababu mabaharia wengi walikuwa wamekufa na waliobaki hawakutosha kuendesha vyombo vitatu. Katika kumbukumbu ya safari hiyo mji umeandikwa Tamugata. Ukiisoma kimyakimya hupati kitu. Itamke, tena haraka kama mtu anayeita kutoka ngalawani, na utamsikia bibi yangu.

Hiyo ndiyo kanuni yangu ya kwanza: jina la ramani husomwa kwa mdomo. Ramani zitakazokufaa zaidi kwa upande wetu ni za Wajerumani, hasa ule mkusanyiko wa karatasi za kipimo cha 1:300,000 uliochapishwa Berlin na Dietrich Reimer, kazi iliyoanzwa na Richard Kiepert na kuendelezwa na Paul Sprigade na Max Moisel. Sentimita moja kwenye karatasi ni kilomita tatu ardhini. Wachoraji hawa waliandika walichosikia kwa herufi za kwao, na W ya Kijerumani ni V yetu. Kwa hiyo Vuga, mji wa Wakilindi, wanauandika Wuga, na Vanga wanaiandika Wanga. S yao mbele ya irabu husomwa Z, ndiyo maana Muheza ni Muhesa, Mazinde ni Masinde, na mto Zigi ni Sigi. Ch yetu wanaihitaji herufi nne: tsch. Mtu akitafuta kijiji cha babu yake kwa tahajia ya leo tu ataapa kwamba Wajerumani walikiruka, kumbe kipo, kimevaa koti.

Pengine jina limefutwa kabisa. Lushoto utaikuta inaitwa Wilhelmstal, bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme wao. Mlalo ni Hohenfriedeberg, jina la misheni ya Bethel. Hata kile kisiwa kinachotazamana na bandari ya Tanga, chenye magofu ya misikiti na makaburi, wao walikiita Toteninsel, kisiwa cha wafu, na sisi tumelipokea jina bila kulitafsiri: tunasema Toten mpaka leo, na watoto wengi wa mjini hawajui kama wanasema Kijerumani.

Wachoraji wenyewe nao walikuwa na yao. Oscar Baumann, ambaye ramani zake za Usambara zilitoka mwaka 1891 pamoja na kitabu chake, alikuwa ameshatiwa minyororo Pangani mwaka 1888, yeye na mwenzake Hans Meyer, katika vita vya Abushiri, mpaka wakakombolewa kwa fedha. Alirudi mwaka 1890 kuendelea kuchora. Sasa fikiria mzee wa Bondei anayeulizwa majina ya vijiji na mtu wa namna hiyo, na askari wako nyuma yake. Angekuambia yote?

Halafu yako yale majina ya "Kwa". Karatasi za Handeni, Bonde na Usambara zimejaa: Kwamsisi, Kwamkono, Kwamkoro. Mgeni akiuliza "hapa wapi?" anajibiwa kwa fulani, kwa sababu kijiji kilikuwa mtu kabla ya kuwa mahali. Mtu huyo akifa, au akihama na watu wake kwa sababu ya njaa au uchawi, jina humfuata au hufa naye. Mengine yaliganda yakawa majina ya kata na shule. Mengi yalipotea. Kwa anayetafuta ukoo hii ni bahati kubwa: jina ambalo ramani za baadaye hazina linaweza kuwa ni jina la mtu, na huenda mtu huyo yumo kwenye nasaba ya kwenu, nafasi ya nne au ya tano kutoka kwako. Hapo ndipo karatasi na mdomo hukutana. Chapa kipande hicho cha ramani, mpelekee mzee, lakini usimwonyeshe kwa kidole. Msomee majina kwa mpangilio wa njia, kutoka pwani kwenda bara, halafu nyamaza. Atayaendeleza mwenyewe pale ramani ilipoacha.

Kaskazini kuna jambo zito zaidi. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mpaka unaoanzia pwani, kwenye Umba, ukapanda hadi Ziwa Jipe. Vanga ikaangukia upande mmoja na Jasini upande wa pili, na ni jirani hasa. Januari 1915 walipigana hapo Jasini wakauana sana. Wadigo, Wasegeju na Wavumba hawakuulizwa na walikuwa na makaburi pande zote mbili. Leo mzee wa Moa akisema babu yake alitoka Vanga anasema jambo la kawaida, kama mtu wa Ngamiani kusema ana shangazi Chumbageni. Lakini mbele ya meza ya ofisi, penye fomu yenye kisanduku cha "mahali alipozaliwa babu", jibu hilo linageuka kuwa kesi. Ramani ya kabla ya 1886 inamsaidia mzee huyo kuliko ya leo, kwa kuwa inaonyesha pwani moja bila mstari. Sijui kama kuna karani atakayekubali kuitazama.

Ramani za Waingereza, na zilizofuata baada ya uhuru, zile za 1:50,000 zilizochorwa kutoka picha za ndege, zina sifa nyingine. Humo nyumba ni vidoti vyeusi, unaziona zilivyotawanyika mabondeni, moja hapa, tatu kule. Kisha ikaja Operesheni Vijiji, na kati ya 1973 na 1976 watu wakaondolewa kwenye vidoti vyao na kupangwa kando ya barabara. Karatasi iliyopigwa picha kabla ya hapo ni hazina, maana inaonyesha mahame yakiwa bado na moshi. Iweke kando ya picha ya setilaiti ya leo utazame miti. Nyumba za udongo huisha kwa mvua chache, lakini miembe, minazi na mbuyu haikwenda kwenye kijiji cha ujamaa. Palipo na miembe mikubwa mitano porini, mbali na barabara, hapo alikaa mtu.

Na wasio na kidoti? Hapa ndipo mimi huwa siwaamini sana wanaosema kila kitu kimo ramanini. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 na ukaanzia Kikokwe, Pangani. Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka huohuo, ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Kandokando yake yakaja mashamba: Pongwe, Amboni, Kigombe, Ngombezi, Mazinde. Ramani inayaonyesha yote kwa mipaka safi. Watu walioyalima walitoka Unyamwezi, Usukuma, Ubena, Buha na Umakonde. Kuanzia 1944 waajiri wenye mashamba walikuwa na chombo chao cha kuwakusanya, SILABU. Waliitwa manamba kwa sababu kila mtu alikuwa namba. Tanga ina msemo wake, waja leo waondoka leo, ukisemwa kwa kejeli, maana aliyekuja haondoki. Manamba wengi hawakuondoka. Wajukuu wao leo wakifuata ramani wanafika kwenye kambi ya shamba na njia inaishia hapo, kama misafara ya Erhardt ilivyoishia kwenye maji.

Waliotangulia manamba waliletwa wakiwa watumwa, kutoka Nyasa na kwingineko, na hao hata namba hawakuandikiwa. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, kusini kidogo ya mji wa Tanga, mwaka 1909, wazazi wake wakiwa na asili ya Kiyao. Yeye alijiita Mswahili na hakuhangaika kueleza zaidi. Na tazama ajabu: kuanzia 1952 hadi 1960 mtu huyu alikuwa karani wa ofisi ya upimaji, Tanga. Alishinda katikati ya ramani miaka minane. Wasifu wake mwenyewe, Maisha Yangu, hauanzi na shina la ukoo wala safari ya mababu kutoka kusini. Msomaji wa leo anayetaka asili yake hupewa Vibambani, na Machui alikozikwa mwaka 1962, basi.

Kuna watu wa Tanga waliofanya kinyume chake. Katika miaka ya 1830 njaa iliwatoa Wazigua wengi kwao, wakapakiwa majahazini na kuuzwa pwani ya Somalia. Waliotoroka walijikusanya kwenye misitu ya mto Juba, wakakaa huko zaidi ya karne moja na nusu bila karatasi yoyote, wakizungumza Kizigua na kuwaambia watoto kwamba kwao ni Uzigua. Vita vya Somalia vilipolipuka mwaka 1991 baadhi yao walipanda vyombo kurudi kusini, wakafika Tanga, wakapelekwa Handeni. Huko walikuta wenyeji wanasema maneno yaleyale waliyofunzwa na bibi zao, yakiwa na tofauti kidogo za lafudhi. Wengine, maelfu, walipelekwa Marekani. Waliobaki Handeni walihamishiwa makazi ya Chogo mwaka 2003, na zaidi ya 1,000 kati yao wamepewa uraia wa Tanzania.

Chogo hiyo ya mwaka 2003 Sprigade na Moisel hawakuijua. Imo kwenye ramani za leo, na kuna watoto Marekani ambao tayari wanaitafuta kwenye simu zao, wakikuza kwa vidole viwili.