Kinga ya kidiplomasia haimfuniki mpishi wa balozi

KILA alfajiri, matatu zinazotoka Thika na Ruiru hushusha Muthaiga wapishi, yaya, madereva na watunza bustani wanaoelekea kazini katika makao ya wageni wa tabaka la juu, wakiwemo mabalozi na maafisa wao wanaoishi Muthaiga kwenyewe, Gigiri na Runda. Ni rahisi kwa anayefanya kazi nyuma ya lango kama hilo kudhani kwamba kinga ya mwajiri wake inamfunika naye pia. Sheria haisemi hivyo.

Msingi wa suala hili ni Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 kuhusu mahusiano ya kidiplomasia. Kenya ilijiunga nao mwaka 1965, kisha ikaupa nguvu nchini kupitia Sheria ya Mapendeleo na Kinga, Sura ya 179, ya mwaka 1970.

Mkataba huo unawagawa watu wa ubalozi kwa ngazi. Balozi na maafisa wake wa kidiplomasia, pamoja na jamaa wa nyumbani mwao, hawakamatwi wala kushtakiwa kwa kosa la jinai, na kesi za madai zinazoruhusiwa dhidi yao ni chache mno. Watumishi walioajiriwa na ubalozi wenyewe, kama vile dereva na bawabu, wana kinga kwa yale tu wanayoyatenda wakitekeleza kazi yao. Mtumishi binafsi, yaani yule anayelipwa na mwanadiplomasia kutoka mfukoni mwake, hana cha uhakika ila msamaha wa kodi ya mshahara.

Hata hayo machache ni ya watumishi wageni. Mtumishi ambaye ni Mkenya, au mwenye makao ya kudumu nchini, hupata tu kile ambacho serikali ya Kenya imeridhia kumpa. Kinachotakiwa ni kwamba serikali isimchukulie hatua kwa namna itakayovuruga kazi za ubalozi kupita kiasi. Kwa hivyo polisi hawawezi kuingia katika nyumba ya mwanadiplomasia bila idhini, lakini mtunza bustani akishatoka nje ya lango anaweza kukamatwa kama raia mwingine yeyote, awe Gigiri au stejini Ruiru.

Upande wa mshahara ndio mchungu zaidi. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka kazi ya miezi 3 au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na madai yawasilishwe ndani ya miaka 3. Mkataba wa Vienna nao unamtaka mwanadiplomasia aliyeajiri wenyeji kutimiza wajibu wa mwajiri katika hifadhi ya jamii, ambao hapa kwetu ni michango ya NSSF. Wajibu upo, ila mwenye kudaiwa hafikiki kortini.

Njia iliyobaki ni kulalamika kwa Wizara ya Mambo ya Nje, ambayo yaweza kuiomba nchi iliyomtuma imvue kinga. Kinga ni mali ya nchi hiyo, si ya balozi, na huondolewa kwa tamko la wazi. Tena ikiondolewa ili kesi isikizwe, kukamata mali ili kutekeleza hukumu kunahitaji tamko jingine! Aliyeajiriwa na ubalozi wenyewe hukabiliana na kinga ya dola, na hapo, tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufaa wa mwaka 1983 uliohusu Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, mahakama za Kenya hutenganisha shughuli za kidola na za kibiashara. Kwa sababu hiyo, aliyetia saini mkataba wa kazi ni nani si jambo dogo.

Venezuela iliwahi kumvua kinga afisa wake. Mnamo Julai 2012, kaimu balozi Olga Fonseca aliuawa katika makao rasmi huko Runda, mahali ambapo watumishi walikuwa wameripotiwa kumlalamikia balozi aliyemtangulia kwa dhuluma za kingono. Katibu wa kwanza wa ubalozi, Dwight Sagaray, alishtakiwa jijini Nairobi na kupatikana na hatia mwaka 2023.

Mambo huwa tofauti mwajiri anapoondoka. Mfanyakazi wa nyumbani Mtanzania aliyemshtaki afisa wa ubalozi wa Tanzania jijini Washington mwaka 2007 alipewa haki ya kulipwa zaidi ya dola milioni 1, lakini mwajiri alirejea kwao bila kulipa.

Mnamo Julai 2022, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua, kwa kura 3 dhidi ya 2, kwamba kumtumikisha mfanyakazi wa nyumbani katika hali ya utumwa mamboleo ni shughuli ya kibiashara ya kujinufaisha, isiyolindwa na kinga. Uamuzi huo haufungi mahakama za Kenya. Hata hivyo, wakili wa mlalamishi anaweza kuunukuu, kwani vifungu vilivyofasiriwa London ni vile vile vilivyomo katika Sura ya 179.