Marefa Wawili, Wachezaji Kumi: Nani Anasimama Wapi?

Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, msafiri wa Lindi akifika Ndundu alikuwa anasubiri kivuko. Hakuna ujanja. Rufiji ina kingo mbili, na ukiwa ng'ambo hii huoni vizuri yanayoendelea ng'ambo ile. Marefa wawili wa kikapu wana shida hiyo hiyo kila mechi: uwanja wa mita 28 kwa 15, wachezaji kumi, macho manne tu.

Stori inaanzia Springfield, Marekani, Desemba 1891. Mwalimu James Naismith alipoandika kanuni 13 za kwanza, aliweka wasimamizi wawili. Mmoja hakimu wa watu: anahesabu faulo, akichoka anamtoa mtu nje. Mwingine hakimu wa mpira: anatunza muda na kuhesabu magoli. Kwenye karatasi, safi kabisa. Lakini uwanjani mpira na watu hawaachani, na baadaye kilichoshika ni kugawana eneo.

Ndiyo mpango wa mpaka leo kwenye mechi za marefa wawili. Refa wa mbele anasimama nje ya mstari wa mwisho, anachunga vurugu za chini ya kikapu. Refa wa nyuma anabaki upande wa kushoto nyuma ya mpira, anafuata mitupo inavyoruka. Wanakaa mshazari, wachezaji wote kumi wakiwa katikati yao. Mpira ukigeuka, wa nyuma anatimua mbio anakuwa wa mbele, na mwenzake anakuwa wa nyuma. Akichelewa sekunde mbili tu, kiwiko kinapita bila filimbi.

Hata NBA iliyumba. Msimu wa 1978/79 ikajaribu marefa watatu, msimu uliofuata ikarudi kwa wawili. Watatu walirudi msimu wa 1988/89, wakabaki.

Ila kusimama vizuri hakumalizi kila kitu. Fainali ya Olimpiki ya Munich, 1972: Marekani, iliyokuwa imeshinda mechi 63 mfululizo za Olimpiki, inaongoza 50-49 dhidi ya Urusi ya Kisovieti. Sekunde 3 za mwisho zikachezwa mara tatu, baada ya kigogo mmoja wa FIBA kushuka kutoka jukwaani na kuagiza muda urudishwe. Matokeo: 51-50, Wasovieti mabingwa. Refa mmoja, Mbrazili, akagoma kusaini karatasi ya matokeo. Wamarekani wakagoma kuchukua medali za fedha, na hawajazichukua mpaka leo.

Kwa hiyo vijana wawili wakipewa filimbi kwenye bonanza lolote pale Kibiti, wasidhani kazi ni kupuliza tu. Kwanza miguu ifike mahali pake, ndipo jicho lione. Halafu wakishaona, wawe na kifua cha kusimamia walichokiona, hata mkubwa akishuka kutoka jukwaani.