Historia ya Vitu Tunavyopanda, sehemu ya 5: Magurudumu yenye matege

Mmoja wenu ameniandikia kwamba mumewe amerithi Datsun 240Z ya marehemu baba yake. Gari linavuta kushoto, gereji tatu zimepiga alaimenti, hela imeenda, na bado linavuta. Anauliza: fundi wa kuaminika tunamjuaje? Mimi ni nesi, spana naiona kwa majirani. Ila baba yangu alikuwa fundi, na historia ya jambo hili naipenda.

Tuanzie kwenye mikokoteni ya farasi. Zamani ekseli nzima ya mbele ndiyo iliyozunguka kwenye kona. Fundi mmoja wa Munich, Georg Lankensperger, akaona ni bora kila gurudumu lijipinde lenyewe, la ndani ya kona lijipinde zaidi kwa sababu linazunguka duara dogo. Mwaka 1818 wakala wake huko London, Rudolph Ackermann, akasajili hataza, na mpaka leo ubunifu huo unaitwa kwa jina la wakala. Aliyebuni kasahaulika. Yanatokea.

Gari la kwanza la Karl Benz, la 1886, lilikuwa na magurudumu matatu, moja tu mbele, maana usukani wa magurudumu mawili ulikuwa bado unamsumbua. Ndilo aina ya gari ambalo mkewe Bertha aliliendesha mwaka 1888 kutoka Mannheim hadi Pforzheim, kilomita mia moja na kidogo, akiwa na wanawe wawili na bila kumuaga mumewe. Njiani akawa anatafuta mafundi: mhunzi wa kutengeneza mnyororo, fundi viatu wa kupigilia ngozi kwenye breki. Alaimenti hakuihitaji, gurudumu la mbele lilikuwa peke yake! Benz alipata hataza ya usukani wa magurudumu mawili mwaka 1893, na hapo kazi ya kuyalinganisha ikaanza.

Kuna mambo matatu yanayopimwa. La kwanza, matairi mawili yanaangaliana au yanapeana kisogo, kama vidole vya mtoto anayejifunza kutembea. La pili ni matege: tairi limelalia ndani au nje. La tatu ni mlalo wa mhimili ambao gurudumu linageukia, kwenda mbele au nyuma; huo ndio unaorudisha usukani katikati ukiuachia. Mafundi wa zamani walipima la kwanza kwa uzi uliovutwa ubavuni mwa gari, au kwa chaki na rula, na wenye jicho zuri walipatia.

Sasa hiyo Datsun. Ilitoka Japani mwaka 1969, na huku kwetu ina heshima yake: ilishinda mbio za magari za Safari mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na 1973 na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya baada ya Amin kuwafukuza Waasia. Ina viti viwili tu, kwa hiyo watoto wabaki nyumbani, tusibishane.

Jambo la kushika ni hili. Kwenye 240Z kama ilivyotoka kiwandani, fundi anaweza kurekebisha kitu kimoja tu: matairi ya mbele kuangaliana. Matege na ule mlalo vimewekwa na umbo la chuma na bushi za mpira. Magurudumu ya nyuma nayo hayana pa kukaza. Na gari kuvuta upande mara nyingi halitokani na kile kimoja kinachorekebishika. Linatokana na upepo wa matairi usiolingana, breki inayoshika upande mmoja, au bushi zilizokufa za ile rodi inayozuia gurudumu la mbele lisirudi nyuma. Mpira wa miaka hamsini, jamani!

Kwa hiyo gereji iliyokupa karatasi yenye namba zote za kijani kwa gari hili, bila kubadilisha kitu, iulize imefanyaje. Kazini kwetu ukimpima presha mtu aliyetoka kupanda ngazi mbio, mashine haisemi uongo, ila namba haikusaidii.

Fundi ninayemtaka mimi hakimbilii mashine. Kwanza analala chini ya gari, anatikisa magurudumu, anaangalia bushi, boljointi na tairodi. Anapima yote manne, si mawili ya mbele tu, maana mkono wa nyuma ukipinda kwa ajali ya zamani gari linatembea kimshazari. Akibadilisha bushi, anakaza boliti za mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Anakupa namba za kabla na za baada. Na ana ujasiri wa kusema, "Mama, hii hairekebishiki, tununue mpira kwanza."

Hata wenye Probox mnaobeba watoto shuleni, pitisheni mkono ukingo wa ndani wa tairi, gari likiwa limezimwa. Huko ndiko linakolika bila ninyi kuona, mpaka lipasuke mwendo kasi. Wanaofikishwa kwetu usiku baada ya hapo sitawasimulia hapa.

Na wewe mwenye Datsun: kabla ya gereji ya nne, shemeji ajaze upepo sawasawa asubuhi, matairi yakiwa ya baridi, kisha ajaribu barabara iliyonyooka. Niandikie imekuwaje.