Polisi, Mtemi na Mwano: Ulinzi wa Raia katika Nchi ya Wasukuma

Neno askari ni la kale katika Kiswahili kuliko neno polisi. La kwanza lilitoka Uarabuni, la pili lilikuja na Wazungu. Watu wa pwani walimjua askari kuwa ni mwenye silaha anayemtumikia mwenye dola, na polisi alipowasili alipokewa kwa dhana hiyo hiyo. Hata leo twasema askari polisi, na kundi lao lote twaliita Jeshi la Polisi, kana kwamba kumtafuta mwizi wa mbuzi na kupigana na adui mpakani ni kazi moja. Anayetaka kuielewa historia ya chombo hiki katika Tanzania yafaa aanze na jina hilo.

Hermann von Wissmann, alipotumwa na Wajerumani mwaka 1889 kuvishinda vita vya Abushiri, aliajiri Wasudani kutoka Misri na watu wengine kutoka Msumbiji. Vyeo vyao vilikuwa vile vya jeshi la Misri: ombasha, shaushi, efendi. Baadaye polisi walitengwa na jeshi, lakini kisima walichochotwa kilikuwa kimoja. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914 koloni lilikuwa na askari polisi zaidi ya 2,000, nao waliingizwa vitani bila taabu kubwa, maana vita si jambo geni walilofundishwa.

Waingereza walianzisha Polisi ya Tanganyika rasmi tarehe 25 Agosti 1919, makao yake makuu yakiwa Lushoto, chini ya Meja S. T. Davis. Muundo waliouleta ndio tulio nao hata sasa kwa sehemu kubwa: mkuu mmoja juu, makamanda wa mikoa chini yake, kisha wakuu wa wilaya na wakuu wa vituo, hata kufika kwa konstebo anayesimama njiani. Ni ngazi iliyonyooka, ambayo amri hushuka kwayo upesi kuliko malalamiko yanavyopanda. Mwafrika wa kwanza kushika cheo cha Inspekta Jenerali alikuwa Elangwa Shaidi, mwaka 1964, mwaka ule ule ambao Tanganyika na Zanzibar ziliungana na polisi ikawa mojawapo ya mambo ya Muungano.

Walakini ngazi hiyo haikufika kila mahali. Polisi wa Kiingereza waliwekwa palipokuwa na mali ya kulindwa: mijini, katika reli, mashamba ya mkonge na migodi. Tuchukue mfano wa Migato, kata iliyo katika mkoa wa Simiyu, ambayo zamani ilihesabiwa katika wilaya ya Bariadi. Hii ni nchi ya pamba na ng'ombe. Mkulima wa huko katika miaka ya 1930 angeweza kuishi maisha yake yote asimwone polisi wa serikali hata mara moja. Aliyemjua ni mtemi, baraza la mtemi na tarishi wake. Na ng'ombe wakiibwa, alipiga mwano, yaani yowe la hatari, ambalo kila mwanamume mwenye upinde alipaswa kuliitikia. Asiyeitikia alitozwa faini, au alitengwa, na mtu aliyetengwa na Wasukuma hapati hata moto wa kuwashia jiko lake. Serikali ya kikoloni iliupenda mpango huu kwa sababu ulikuwa rahisi kwa hazina.

Mwaka 1963 sheria iliuondoa utemi. Sababu zilikuwa nzuri, wala sioni haja ya kuwalilia watemi, ambao baadhi yao walikuwa wakusanyaji kodi tu waliovikwa taji. Lakini kiti kilipoondolewa, hakuna aliyeuliza nani ataitikia mwano. Vituo vya polisi vilibaki mbali, mgambo ulioenea baada ya mwaka 1971 ulitazama zaidi ulinzi wa taifa, na kuhamishwa kwa watu katika vijiji vya ujamaa katikati ya miaka ya 1970 kuliwatenganisha majirani waliozoeana. Baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979 bunduki zilienea na uchumi ukaanguka. Wezi wa ng'ombe walistawi.

Kabla ya hapo lilikuwa limetokea jambo ambalo halistahili kupitwa upesi. Mwaka 1976 serikali iliendesha operesheni katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga (Bariadi ilikuwa ndani ya Shinyanga wakati huo) ili kuyakomesha mauaji ya wazee walioshukiwa uchawi. Nia ilikuwa kuwalinda wanyonge. Watuhumiwa waliteswa, na baadhi yao walifia mikononi mwa vyombo vya dola. Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu mwaka 1977, ingawa si yeye aliyeshika fimbo. Vitabu vingi vyetu humsifu kwa uungwana huo, na ni haki; lakini sifa hiyo imefunika swali la wale waliokufa, na la raia waliojifunza kwamba kituo cha polisi ni mahali pa kuogopwa.

Raia hao hao ndio walioanza sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika nchi za Wasukuma na Wanyamwezi. Sungusungu ni mdudu, chungu mkubwa mweusi aumaye kwa ukali. Wenyewe walijiita pia Basalama, watu wa amani. Silaha zao zilikuwa upinde na mishale, na kiongozi wao aliitwa ntemi: cheo kilichofutwa na sheria kilirudi kwa mlango wa nyuma. Wizi wa ng'ombe ulipungua sana. Mwalimu Nyerere na Chama waliwaunga mkono, lakini polisi na mahakimu waliwatilia shaka, na shaka hiyo ilikuwa na msingi. Watu walipigwa wakakiri wasiyoyatenda, na wanawake wazee, wale wale ambao operesheni ya 1976 ilidai kuwalinda, walishtakiwa uchawi mbele ya mabaraza yasiyo na wakili wala rufani.

Bunge lilitoa jibu mwaka 1989 kwa Sheria namba 9, iliyorekebisha sheria za mgambo na kuwapa sungusungu uwezo wa kukamata sawa na konstebo wa polisi. Rais wa nchi wakati huo alikuwa Mwinyi. Sheria ilimpa mwanakijiji uwezo wa konstebo bila kumpa mafunzo ya konstebo wala mkuu wa kituo wa kumwajibisha. Mipango iliyofuata tangu mwaka 2006, ya polisi jamii na polisi kata, ilijaribu kuishusha ngazi ya Jeshi la Polisi mpaka ikutane na kijiji. Sungusungu akimshika mtuhumiwa, kazi yake kisheria ni kumfikisha kituoni. Na umbali kati ya zizi palipoibwa na kituo hicho, ambao huenda ukachukua usiku mzima kwa miguu, ndipo mtuhumiwa hana mlinzi mwingine ila wale waliomshika.