Kompyuta imegoma kuchoma DVD ya harusi? Angalia draivu C kabla ya kulaumu DVD

Harusi, sendoff, kipaimara, mahafali ya UDOM: kwa wapiga video wa Dodoma kazi haiishii kwenye kurekodi. Mteja aliyepanda basi kutoka Kondoa au Mpwapwa anataka arudi na DVD yake mkononi. Hapo ndipo kompyuta inapogoma na kuandika "Not enough disk space", yaani nafasi haitoshi.

Wengi hudhani DVD ndiyo imejaa, wanabadilisha moja baada ya nyingine. Mara nyingi shida iko kwenye hadi diski ya kompyuta.

Kwa nini inatokea?

DVD ya kawaida inabeba GB 4.7. Windows itakuonyesha 4.37 kwa sababu inahesabu kwa njia tofauti, hujapunjwa.

Programu ya kuchoma haiwezi kuchukua video ya kamera na kuimwaga kwenye DVD hivihivi. Kwanza inaibadilisha iwe MPEG-2, mfumo unaosomwa na deki, na kuiweka kwenye folda ya muda. Programu nyingi hutengeneza tena nakala ya pili, faili moja la ISO, ndilo linalochomwa. Kwa hiyo DVD moja iliyojaa inaweza kudai zaidi ya GB 9, na bado video yenyewe ipo palepale. Kamera inayorekodi kwa megabiti 24 kwa sekunde inakula karibu GB 11 kwa saa. Sherehe ya saa 4 ni kama GB 43.

Folda hiyo ya muda kwa kawaida huwa kwenye draivu C, pamoja na Windows. Ndiyo maana unakuta D ina GB 200 tupu na bado unaambiwa nafasi haitoshi.

Kuna kingine. Kazi ikikatika katikati, iwe umeme umekatika au lenzi ya draivu imeshika vumbi la kiangazi, mabaki hubaki kwenye C mara nyingi. Ukijaribu mara tatu bila kusafisha, kila jaribio linapunguza nafasi ya lile linalofuata.

Fanya hivi

1. Pima kwanza. Fungua This PC uangalie nafasi ya C. Kwa DVD moja ya kawaida, acha angalau GB 15 tupu. Kwa DVD ya tabaka mbili, ile ya GB 8.5, acha GB 25.

2. Futa mabaki. Funga programu zote, bonyeza Windows na R, andika %temp% kisha futa vilivyomo. Vinavyokataa kufutika viache. Halafu endesha Disk Cleanup. Kabla ya kumwaga Recycle Bin, chungulia: huenda kuna kazi ya mteja humo.

3. Hamisha folda ya muda. Hii ndiyo dawa yenyewe. Kwenye Nero Burning ROM nenda Options, kisha Cache, uchague D. Kama unachoma kwa Windows yenyewe, bofya kulia kwenye alama ya draivu ya DVD, chagua Properties, kisha Recording, uchague D. Wanaohariri kwa Premiere wahamishe pia Media Cache kupitia Preferences, maana nayo hujaza C kimyakimya.

4. Angalia mfumo wa hadi diski ya nje. Ikiwa imeformatiwa kwa FAT32, haipokei faili moja linalozidi GB 4, hata ikiwa na GB 300 tupu. ISO ya DVD iliyojaa itagoma hapo. Tumia NTFS au exFAT, ila kuformati kunafuta kila kitu, hivyo hamisha kazi zako kwanza.

5. Usilazimishe saa 4 kwenye DVD moja. DVD ya kawaida inabeba saa 2 hivi kwa ubora mzuri. Ukibana zaidi, picha inakuwa ya vipandevipande, hasa watu wakiwa wanacheza. Gawa: DVD ya kwanza ibada, ya pili ukumbini.

Usifute video ya kamera ili upate nafasi

Hapa ndipo watu wanapoumia. Nafasi imeisha, mteja yuko mlangoni, mtu anaona video asilia ni kubwa na "si tayari imeshahaririwa?", anaifuta. Baadaye DVD inakwama dakika ya 40 na hakuna pa kuanzia tena. DVD unaweza kuichoma tena hata mara kumi, lakini bibi harusi haingii ukumbini mara ya pili.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu: choma, kisha icheze kwenye deki ya kawaida, siyo kwenye kompyuta ileile iliyoichoma. Angalia mwanzo, katikati na mwisho. Nakili video asilia kwenye hadi diski nyingine. Hayo yote yakikamilika ndipo ufute kwenye kompyuta.

ISO nayo itunze kwa muda. Wazazi wa pande zote mbili wakitaka nakala zao wiki ijayo, utachoma moja kwa moja bila kuibadilisha video upya.